Vikosi vinavyovuka Ruvuma vijifunze kwanza kukaa na wanavijiji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo hupewa mstari mmoja au miwili kila zinapoandikwa habari za vikosi vya kigeni vilivyoko Cabo Delgado, kwa jirani zetu wa Msumbiji. Tunasoma idadi ya askari, aina ya silaha, vyeo vya makamanda na majina ya vijiji vilivyokombolewa, lakini ni nadra kusoma vikosi hivyo vinaishi vipi na askari wa nchi vinayoisaidia, na vinaishi vipi na watu wenye vijiji vyao. Mimi si mwanajeshi na sikuwahi kuvaa magwanda. Nilikuwa mtumishi wa maendeleo ya jamii katika mkoa huu wa Mtwara hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa katika vijiji vya bonde la Ruvuma, ambako niliona wageni wengi wenye nia njema wakiingia, na nikaona pia namna kijiji kinavyowapokea.

Huenda msomaji wa Arusha au Mwanza akayaona mambo haya kuwa ya mbali. Kwetu hayako mbali hata kidogo. Mashambulizi ya waasi wenye silaha yalipoanza Mocímboa da Praia, mji wa pwani ya Cabo Delgado, tarehe 5 Oktoba 2017, walioguswa mwanzo nje ya Msumbiji walikuwa wakulima na wavuvi wa upande huu, waliozoea kuvuka kwa mtumbwi asubuhi kwenda kulima mpunga ng'ambo na kurudi jioni, na ambao wana shangazi na wajomba pande zote mbili za mto. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, cha upande huu wa mto, kilivamiwa, nyumba zikachomwa na watu wakauawa, na tangu hapo hakuna mtu wa bonde anayehitaji kuelezwa kwamba kikosi kinachofanya kazi vibaya Nangade au Palma, wilaya za ng'ambo, kinaweza kumletea maafa mlangoni pake. Ndiyo maana namna vikosi hivyo vinavyofanya kazi na wenyeji ni habari yetu pia.

Wageni waliokwenda kusaidia ni wengi, na hawakufanana. Mwaka 2019 walifika Warusi wa kundi la askari wa kukodiwa la Wagner, ambao ndani ya miezi michache walipoteza watu kwa kuviziwa msituni wakaondoka. Wengi walioandika habari zao walisema hawakuelewana na askari wa Msumbiji waliotakiwa kupigana bega kwa bega nao. Mwaka uliofuata ilikuja kampuni binafsi kutoka Afrika Kusini yenye helikopta, ambayo Machi 2021 ilishutumiwa na Amnesty International kwamba ilifyatua risasi na kudondosha mabomu pasipo kutenganisha raia na wapiganaji. Rubani aliye juu anaona watu wanakimbia, lakini hana wa kumwambia kwamba wale wanaokimbia ni wafiwa waliotoka mazikoni au ni wauaji wenyewe. Walikuja Wamarekani kufundisha kikosi cha wanamaji kwa miezi miwili. Tangu Novemba 2021 ukaja ujumbe wa mafunzo wa Umoja wa Ulaya. Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari na polisi 1,000, na mwezi huo huo SADC ikaanza kupeleka ujumbe wake uliojulikana kama SAMIM, ambamo Tanzania ilikuwamo na askari wake wakawekwa wilaya ya Nangade, ng'ambo ya Tandahimba yetu.

Tuanze na Wanyarwanda, kwa sababu wao ndio wanaosifiwa zaidi. Tarehe 8 Agosti 2021, wakiwa pamoja na jeshi la Msumbiji, waliikomboa Mocímboa da Praia iliyokuwa mikononi mwa waasi kwa takriban mwaka mzima. Silaha na nidhamu vilifanya kazi yake. Lakini waliofika huko baadaye walisimulia jambo jingine: askari wa Rwanda walitembea kwa miguu sokoni na mitaani, wakasalimiana na watu, na wengi wao walizungumza Kiswahili, ambacho mtu wa Palma anakielewa na Mmwani wa pwani anakisikia kama jamaa wa lugha yake. Mkimbizi anayerudi nyumbani na kumkuta askari wa kigeni anayemwelewa, huku askari wa nchi yake aliyetoka mikoa ya kusini akihitaji mkalimani, hawezi kuacha kulinganisha. Hilo liliwapa Wanyarwanda sifa, na wakati huo huo likamwacha askari wa Msumbiji akionekana mgeni nyumbani kwake. Msaada wa namna hiyo una hatari yake, maana siku msaidizi atakapofunga virago, imani ya watu inaweza kuondoka naye.

Kwa upande wetu tunapenda sana kusema kwamba Kiswahili ndiyo silaha yetu. Nakubali, lakini kwa tahadhari. Waasi wa Cabo Delgado nao wanakisema. Mahubiri na video walizozisambaza zilikuwamo za Kiswahili, na miongoni mwao wamekuwamo vijana waliotoka upande huu wa mpaka. Mama wa kijijini aliyewahi kuhojiwa kwa Kiswahili na watu waliomchomea nyumba hawezi kutulia kwa kuambiwa tu "shikamoo" na mtu mwenye bunduki. Tuna ushahidi mwingine kutoka Kongo. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi ya kuingilia kati ndani ya MONUSCO, ujumbe wake wa kulinda amani Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kabla ya mwaka huo kwisha, waasi wa M23 walikuwa wameshindwa, na watu wa Goma waliwashangilia askari wetu waliozungumza nao bila mkalimani. Vijana wetu walilipa kwa damu huko, kama ilivyotokea Semuliki Desemba 2017. Lakini ni katika mashariki hiyo hiyo ya Kongo ambako mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya baadhi ya askari wa Tanzania. Lugha iliyowafungulia mlango wa kijiji ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumrahisishia mtu muovu kumlaghai binti wa watu. Anayewaandaa askari kwenda kuishi na raia wa nchi nyingine hana budi kuyaweka mambo yote mawili mezani, lile la kujivunia na lile la aibu.

Sasa niseme kuhusu kijiji chenyewe, ambako nadhani ndiko penye kiini cha jambo hili. Mgeni wa serikali akifika na gari, mwenyekiti hupiga mbiu, watu hukusanyika chini ya mwembe, mtendaji hufungua daftari la mahudhurio, na mgeni huanza kuuliza maswali yake. Majibu yote huwa mazuri. Hatuna shida, tunashukuru kwa ujio wenu, tunaomba tu barabara na zahanati. Wazee hukaa mbele kwenye mabenchi, vijana husimama nyuma wameegemea pikipiki, wanawake huketi chini upande wao na hawafungui mdomo isipokuwa kuitikia. Mgeni akiondoka alasiri hiyo na daftari lililojaa sahihi, ameondoka na karatasi. Akilala kijijini, akaenda kukaa na wazee kwenye bao, akapita kisimani na kwa muuza chai alfajiri, ndipo atakaposikia kwamba mwenyekiti na mpwa wake hawasemezani kwa sababu ya mikorosho ya marehemu, kwamba yule kijana aliyetajwa mkutanoni kuwa mhuni anamdai fedha aliyemtaja, na kwamba kuna nyumba moja mwishoni mwa kijiji ambayo wageni wake huja usiku na kuondoka usiku.

Askari wa kigeni anapofika kijijini na kuuliza nani anawasaidia magaidi, anaingia katikati ya mambo hayo yote pasipo kuyajua. Ataletewa majina, tena haraka. Miongoni mwake litakuwamo la mtu anayegombea mpaka wa shamba, la kijana aliyeposa binti akakataliwa, la mvuvi aliyekataa kuuza samaki kwa mkopo. Akimkamata kila anayetajwa, amekuwa wakala wa ugomvi wa watu, na wale ndugu wa waliokamatwa bure hawatamwambia tena lolote, hata siku watakapowaona wapiganaji wenyewe wakipita shambani kwao. Askari wa nchi husika aliyetoka kijiji cha jirani angeweza kumnong'oneza kwamba hawa wawili wana kesi baraza la kata. Mgambo wa hapo hapo angejua hata mwanzo wa kesi. Hii ndiyo faida ya kufanya kazi na vikosi vya wenyeji, na haipatikani kwa ndege isiyo na rubani wala kwa ramani.

Nimetaja mgambo, nami sitaki kuwasifu kupita kiasi. Cabo Delgado wanacho kikosi kiitwacho Força Local, kilichoanzishwa na wapigania uhuru wa zamani na watoto wao, hasa katika uwanda wa Mueda, Muidumbe na Nangade, ambao waliamua kuchukua silaha baada ya kuona jeshi linachelewa. Wanaijua misitu, wanajua visima vilipo, wanatambua nyayo, na katika maeneo hayo waasi waliwaogopa. Baadaye serikali ya Msumbiji iliwatambua kisheria. Sisi huku tumewahi kupita njia inayofanana na hiyo kwa sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini, walioanza wenyewe kupambana na wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao sheria ikaja kuwatambua nyuma ya matukio. Tunakumbuka ng'ombe waliorudishwa, na tunakumbuka pia watu walioadhibiwa bila hatia. Tatizo la Força Local ni kubwa kuliko hilo, kwa kuwa wengi wao ni Wamakonde, na katika vita hivi watu wa pwani, Wamwani hasa, wamekuwa wakitazamwa kwa jicho la shaka kana kwamba kila mmoja wao ni muasi. Kikosi cha kigeni kinachomshika Mmakonde mkono na kumfanya jicho lake huko pwani kitaona adui hata pale penye wavuvi watupu. Mimi ni Mmakonde, na naandika haya nikijua kwamba baadhi ya jamaa zangu hawatayapenda. Msaidizi kutoka nje anatakiwa awe na masikio zaidi ya mawili: awasikilize wapiganaji wa zamani wa uwandani, na pia awasikilize maimamu, wenye majahazi na wachuuzi wa samaki wa pwani, wala asiwape upande mmoja bunduki kabla hajajua upande wa pili unalala vipi.

Kuhusu mafunzo nitasema kwa kifupi, ingawa ndiyo yanayomeza fedha nyingi. Umoja wa Ulaya ulifundisha kombania 11 za jeshi la Msumbiji, za wanamaji huko Katembe, ng'ambo ya ghuba ya Maputo, na za makomando huko Chimoio, kisha Septemba 2024 ujumbe huo ukabadilishwa kuwa wa kusaidia na kushauri. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini Katembe iko mwisho mmoja wa nchi na Palma iko mwisho mwingine, na kijana anayefundishwa huko kulenga shabaha, kufunga majeraha na hata sheria za kivita atakuja kukutana kwa mara ya kwanza na mwanamke wa Kimwani akiwa tayari ana bunduki mkononi na woga moyoni. Huku Kusini sote tunajua kwamba mnunuzi hapimi korosho kwa kutazama mshono wa gunia. Anachukua sampuli, anazikata, anaangalia ndani. Gwaride la kuhitimu ni mshono wa gunia. Wamarekani waliliona hilo Mosul mwezi Juni 2014, jeshi walilolifundisha na kulivisha kwa miaka mingi lilipouacha mji mbele ya wapiganaji wachache kuliko wao, na Novemba mwaka huo Waziri Mkuu wa Iraki, Haider al-Abadi, akatangaza kwamba wamegunduliwa askari hewa 50,000 waliokuwa wakilipwa mishahara. (Sisi ambao mwaka 2016 tulisikia habari za watumishi hewa kila siku tunaweza kulifahamu neno hilo pasipo maelezo.) Kabul ikafuata Agosti 2021, baada ya zaidi ya dola bilioni 80 kutumika kwa vikosi vya Afghanistani. Waliokuwapo vituoni wanasema askari wengi walikuwa hawajalipwa, hawana chakula, na wazee wa vijiji vyao ndio waliokwenda kuzungumza na Taliban ili waweke silaha chini. Wazee hao walikuwapo miaka yote 20.

Upo mfano mdogo unaonigusa zaidi ya hiyo mikubwa. Tarehe 4 Oktoba 2017, siku moja tu kabla ya Mocímboa da Praia kushambuliwa, askari wa Marekani waliokuwa wakifuatana na wenzao wa Niger waliviziwa karibu na kijiji cha Tongo Tongo, na Wamarekani 4 wakauawa pamoja na wanajeshi wa Niger. Uchunguzi wa jeshi lao wenyewe, uliotolewa Mei 2018, ulikiri kwamba kabla ya kutoka kikosi hicho hakikuwa kimefanya mazoezi ya pamoja na wenzao wa Niger. Walikuwa wakipanda magari pamoja, wakila pamoja pengine, lakini hawakuwa wamewahi kujaribu pamoja nini kitafanyika risasi zikianza. Kufanya kazi na wenyeji, kwa hiyo, ni pamoja na mambo ya kuchosha kama hayo: kurudia zoezi mara kwa mara, kukubaliana ishara, kujua nani ana redio na nani hana, na kuhakikisha askari mwenyeji ana maji ya kunywa sawa na mgeni wake. Askari anayeona mwenzake wa kigeni akifunguliwa makopo ya nyama huku yeye akitafuna mihogo mikavu hatamwambia mgeni huyo ukweli wote.

Hatuhitaji kwenda Niger wala Afghanistani kutafuta namna iliyo bora. Iko Nachingwea, katika mkoa wa Lindi. Eneo lililobaki baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kushindwa ndilo lililokuja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, na humo wakufunzi wa Kichina na maofisa wa Tanzania walifanya kazi na Wamsumbiji waliokuwa wakijiandaa kurudi kwao. Ninachokithamini katika habari za Nachingwea ni kwamba uongozi ulibaki wa Wamsumbiji wenyewe. Mgeni alifundisha, mwenyeji aliamua. Walilima chakula chao, walisoma darasani, walifundishana lugha maana walitoka makabila yasiyosikilizana, na waliokwenda vitani wakiwa wamefundishwa hapo walifundishwa pia kwamba mkulima atakayewapa unga ndiye atakayewaficha. Mizigo ya silaha ilivuka Ruvuma vichwani mwa watu, wanaume na wanawake, mwendo wa siku nyingi, na majeruhi wakarudishwa kwa machela hadi hospitali ya FRELIMO hapa Mtwara. Watanzania nao walikufa katika vita hivyo, na makaburi ya mashujaa yako Naliendele, tunapita karibu nayo kila tunapokwenda mashambani. Sidai kwamba palikuwa peponi. Vyama vya ukombozi vilikuwa na ukali wake, na si kila aliyeingia kambini alikuwa huru kutoka. Hata hivyo, katika jambo hili la nani ni mwenye vita na nani ni msaidizi, Nachingwea ilijua tofauti.

Ilijua pia jambo jingine ambalo wajumbe wa leo wanajifunza upya kwa gharama kubwa. Mwaka 1967 FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake, na wanawake hao, mbali na kubeba silaha, walikwenda vijijini kuzungumza na wanawake wenzao. Nimeshasema kwamba katika mkutano wa hadhara akina mama huketi pembeni. Hao hao ndio wanaojua kijana gani ameacha kulala nyumbani, nani ananunua unga mwingi kuliko familia yake inavyokula, na binti wa nani amechukuliwa. Vita vya Cabo Delgado vimekuwa vya kuteka wanawake na wasichana, na waliorudi hawawezi kumweleza mwanamume mwenye sare yaliyowapata. Kikosi kisicho na askari wanawake wa kutosha, wanaotoka kambini na kukaa na wenzao, kinasikia nusu ya kijiji, na nusu yenyewe ni ile inayojua machache.

Niguse pia suala la malalamiko. Januari 2023 ilisambaa video ya askari wakitupa miili ya watu katika moto huko Nangade, na SADC ikatangaza kwamba inafanya uchunguzi. Iliyosambaa katika simu za watu wa Tandahimba na Newala ilikuwa video. Taarifa ya uchunguzi, kama ilitolewa, haikuwafikia. Mwanakijiji anayeona kitu cha namna hiyo, au ambaye kuku wake wamechukuliwa, au ambaye mwanawe amekamatwa na hajui yuko kambi gani, aende wapi? Kwa kamanda asiyemfahamu, kupitia mlinzi asiyemwelewa? Kila ujumbe wa msaada wa kijeshi una kanuni nzuri za mwenendo, zimechapwa, na nina hakika askari wamezisaini. Kinachokosekana ni meza, mtu wa kuketi pale anayezungumza Kimakonde, Kimwani na Kimakua, siku inayojulikana ya wiki, na majibu yanayorudi. Fidia ya kuku inalipwa kwa fedha ndogo kuliko mafuta ya doria moja, na mzee aliyelipwa kuku wake atasimulia habari hiyo kwa miezi.

SAMIM ilimaliza muda wake Julai 2024. Miezi miwili kabla, tarehe 10 Mei, wapiganaji waliingia mji wa Macomia, wakati vikosi vya Afrika Kusini vikijiandaa kuondoka. Wanyarwanda walibaki na kuongezeka, huku Umoja wa Ulaya ukiwa umewasaidia kwa euro milioni 20 Desemba 2022 na kiasi kama hicho tena Novemba 2024, na wako watu wanaosema kwamba Rwanda inalinda mradi wa gesi wa Afungi, huko Palma, zaidi ya kulinda watu. Sina haja ya kuingia katika nia za serikali. Lakini mwanakijiji wa Macomia anaona ulinzi ukiwa mkubwa zaidi kadiri unavyokaribia mradi, na hilo ni jambo ambalo hata msemaji hodari wa ujumbe hawezi kulifuta kwa maneno. Watu wa Mtwara tunaelewa hisia hizo. Mwaka 2013 tuliona kwetu, wakati wa mzozo wa bomba la gesi, jinsi magari ya jeshi mitaani yanavyoweza kuwafanya watu wafunge milango na midomo kwa pamoja, na ilichukua muda hadi mazungumzo ya kawaida yakarudi.

Askari wa Tanzania walibaki Nangade kwa makubaliano ya nchi mbili hizi, na hapo ndipo barua yangu inapoelekea. Tumesaini mengi na jirani zetu: wakuu wa polisi walikutana hapa Mtwara Novemba 2020, na Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Maputo ambako yalitiwa saini makubaliano ya ulinzi na usalama. Ningependa kuona, chini ya makubaliano hayo, kombania inayokwenda Nangade ikipitishwa kwanza katika vijiji vya upande wetu, Kitaya, Mahurunga, na vile vya Tandahimba na Newala vinavyotazamana na wilaya hiyo, ikae humo siku za kutosha, isikilize waliokimbia na waliofiwa, ijifunze maamkizi na miiko, na ijue koo zipi ziko pande zote mbili. Wenye mitumbwi wanajua vivuko visivyo katika ramani yoyote. Waliokuwa wakilima ng'ambo wanajua kila mwembe. Watu hao wametazamwa kama mashahidi wa kuhojiwa, au kama washukiwa, wakati wangeweza kuwa walimu. Na jambo hili haliwezi kwenda vizuri iwapo wakati huo huo mtu anayevuka kukimbia mauaji anarudishwa alikotoka. Mwaka 2021 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ililalamika hadharani kuhusu maelfu ya Wamsumbiji waliorudishwa kutoka Tanzania kupitia kivuko cha mpakani cha Negomano. Familia iliyorudishwa vile itamtazama vipi askari wa Tanzania atakayepiga hodi kwake Nangade akitaka ushirikiano?

Kisha kuna kukabidhiana. Kombania hukaa muda wake ikabadilishwa, na mpya ikifika huanza upya kumwuliza mzee yule yule maswali yale yale, hadi mzee anachoka. Maofisa wanaoondoka wana madaftari yaliyojaa majina ya watu, migogoro, ahadi walizozitoa na hawajazitimiza. Madaftari hayo yakabidhiwe kama silaha zinavyokabidhiwa, kwa sahihi, na ofisa mmoja wa mahusiano na raia abaki angalau mwezi mmoja na wanaoingia, awapeleke nyumba kwa nyumba na kuwatambulisha, kwa kamanda wa Força Local, kwa imamu, kwa katibu wa kijiji na kwa kiongozi wa wanawake.

Wabunge wetu wa Mtwara na Lindi wanayo nafasi ya kuuliza haya wakati bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa inapojadiliwa, na yapo maswali ambayo kuyajibu hakuvujishi siri yoyote ya vita. Waulize ni askari wangapi wanawake wamo katika kombania iliyoko Nangade. Waulize malalamiko ya raia yaliyopokelewa ni mangapi na yaliyojibiwa ni mangapi. Waulize mara ya mwisho zoezi la pamoja na askari wa Msumbiji na wale wa Força Local lilifanyika lini, na kama wote waliofanya zoezi hilo walikuwa wamelipwa posho zao.

Msomaji wako,
Mstaafu wa maendeleo ya jamii,
Mtwara Mikindani.